Bolti Isipakwe Rangi kwa Urembo Tu

Wenye magari wa Morogoro Mjini wanaijua thamani ya Land Rover kuukuu. Kwa miaka mingi magari ya aina hiyo yamepanda milima ya Uluguru kuelekea Mgeta na Matombo, katika barabara ambazo gari jepesi hushindwa nazo wakati wa masika. Ndiyo maana likichakaa halitupwi, bali hufufuliwa: injini hufunguliwa, bodi hunyooshwa, na rangi mpya hupulizwa. Lakini bolti zionekanazo nje, zile zinazoshika madigadi na bawaba za milango, mara nyingi huachwa na kutu yake, au hupuliziwa rangi juu ya kutu na matope. Kazi hiyo hupendeza macho kwa muda mfupi. Kisayansi ni kosa, na hasara yake huiangukia bodi kuliko hata bolti yenyewe.

Yafaa sababu yake ieleweke. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 mjini Amsterdam. Wakati huo, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa adimu nchini Uingereza. Hivyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini, na chesisi ikawa ya chuma. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu hufanya kazi kama betri ndogo. Alumini hutoa elektroni kwa urahisi kuliko chuma, kwa hiyo alumini ndiyo inayoliwa, ikageuka unga mweupe kuzunguka kichwa cha bolti. Bolti nyingi hupakwa zinki kiwandani ili kupunguza uadui huo. Zinki ikiisha, ulinzi nao umeisha.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulifikiria kinyume. Bodi ikipakwa rangi na bolti ikaachwa tupu, kisha rangi ya bodi ikachubuka kidogo karibu na bolti, nguvu yote ya ile betri hukusanyika kwenye mchubuko huo, na alumini hutoboka upesi. Kwa hiyo kupaka bolti rangi ni kuilinda bodi. Anayepaka kimoja na kuacha kingine amefanya nusu ya kazi, na huenda ameongeza madhara.

Matayarisho ndiyo yenye uzito kuliko rangi. Bolti ifunguliwe, ioshwe kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji, kwa kuwa rangi haishiki penye grisi. Kutu iondolewe kwa brashi ya waya na msasa. Lakini bolti ambayo zinki yake bado nzima isikwanguliwe, kuosha kunatosha. Kuichoma kwa moto ili kutu itoke ni hatari: bolti ngumu hupoteza uimara wake, na moshi wa zinki hudhuru mapafu. Ikisha kukauka, ipakwe rangi ya chini siku hiyo hiyo, kabla hewa yenye unyevu haijaanzisha kutu mpya. Bolti zikichomekwa katika kipande cha boksi, vichwa juu, meno yake hubaki safi. Tabaka mbili au tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene. Baada ya kukaza, palipochubuliwa na spana parudiwe.

Rangi nayo ina mipaka yake. Nati za magurudumu zisipakwe pale zinapokalia rimu, maana rangi hubonyea na nati ikalegea. Bolti ya usukani au ya breki iliyoliwa na kutu haiponi kwa rangi. Ibadilishwe kwa nyingine ya daraja lile lile. Namba 8.8 iliyoandikwa kichwani ni kipimo cha nguvu zake, wala si pambo. Anayeficha bolti mbovu chini ya rangi inayong'aa ili gari liuzwe, anauza ajali.

Wapo wasemao kwamba haya ni mambo ya gereji, hayahusu darasa la kemia. Hoja hiyo haina msingi. Mwalimu achukue glasi tatu za maji ya chumvi na vipande vitatu vya sufuria kuukuu ya alumini. Katika ya kwanza atumbukize alumini peke yake. Katika ya pili, alumini na msumari, vikiwa vimefungwa pamoja kwa waya juu ya maji. Katika ya tatu afanye vivyo hivyo, ila sehemu ya msumari iliyo majini iwe imepakwa rangi. Baada ya siku kadhaa wanafunzi walinganishe vile vipande vitatu, kisha waende gereji iliyo jirani wakatazame bodi za magari. Fundi ana uzoefu wa mikono, na mwanafunzi ana kanuni. Hapana budi wawili hao wakutane, kwani kila mmoja anakosa kile alicho nacho mwenzake.