Elimu ya Gazi Irudi Gazi

Mwaka 1996 Johnson Kitheka alichapisha katika jarida la Limnology and Oceanography la Marekani utafiti juu ya mwendo wa maji katika ghuba ya Gazi, kusini ya Diani: namna maji ya mito na ya bahari yanavyokutana mikokoni. Wataalamu wa ng'ambo wameutaja katika kazi zao, na mwanasayansi siku hizi hupimwa kwa wingi wa kutajwa huko.

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Hadithi haipokelewi bila sanad, na kumtaja uliyepokea kwake ni uaminifu. Lakini shekhe hupimwa pia kwa darsa anazosomesha kwao.

Utafiti ule uliandikwa kwa Kiingereza. Mvuvi wa Gazi, ajuaye bamvua na maji mafu tangu utotoni, ataufaidi vipi? Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, umeonyesha njia: hesabu za wataalamu juu ya hewa ya ukaa zimeleta fedha za maji na shule Gazi na Makongeni.

Basi vyuo vyetu viweke sharti: kila utafiti uliofanywa pwani, muhtasari wake uandikwe kwa Kiswahili na usomwe barazani, mbele ya wenye bahari yao.