Kabla hujaandika barua ya kustaafu kwa ugonjwa

Huku Kishushe mtumishi wa serikali akipatwa na kiharusi, au akianguka na pikipiki akaumia uti wa mgongo, ushauri wa kwanza unaoletwa hadi kitandani ni ule ule: "Andika barua ustaafu, ule kiinua mgongo chako upumzike." Wanaoutoa ni watu wa nia njema: shemeji, mwalimu mwenzake, mzee wa kanisa. Lakini barua hiyo ikishapokelewa na kukubaliwa, kuirudisha ni kazi ngumu, na wengi huiandika bila kujua kwamba walikuwa na njia nyingine.

Njia ya kwanza ndiyo hiyo inayojulikana. Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, inamruhusu mtumishi kuondoka kabla ya umri ikiwa ushahidi wa madaktari unaonyesha kwamba hawezi tena kufanya kazi zake kwa sababu ya udhaifu wa mwili au wa akili, na kwamba udhaifu huo unaelekea kuwa wa kudumu. Kuwa mgonjwa pekee hakutoshi. Barua ya daktari wa kliniki ya karibu haitoshi pia, kwani suala hupelekwa mbele ya bodi ya madaktari wa serikali.

Njia ya pili ni kubaki kazini ukiwa mtu mwenye ulemavu. Katika utumishi wa umma umri wa kustaafu ulipandishwa kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009, na kwa mfanyakazi mwenye ulemavu ni 65. Tena mwajiri anatakiwa amrekebishie mazingira ya kazi: darasa la chini badala ya ghorofani, meza ya ofisi badala ya kuzunguka mashinani, muda wa kwenda mazoezi ya viungo. Mei 2025 Rais alitia saini Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Maredio yalitangaza, watu wakapiga makofi, halafu kimya. Sijasikia baraza hata moja huku kwetu likiwaeleza watumishi maana yake.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo watu huumia. Kwa walio katika mfumo wa zamani, pensheni ya mwaka hupatikana kwa kuchukua mshahara wa mwaka, kuugawa kwa 480, kisha kuzidisha kwa miezi uliyotumikia. Chukua mwalimu wa miaka 52, aliyefanya kazi miaka 25, mshahara wa msingi shilingi 40,000. Akiondoka leo, pensheni yake kamili ni 25,000 kwa mwezi. Akichukua robo kwa mkupuo, kama karibu wote wafanyavyo, atapewa 1,500,000 mara moja, na kila mwezi atabaki na 18,750. Akisajiliwa na akaweza kufanya kazi hadi 65, hata mshahara usiongezeke shilingi moja, pensheni kamili inafika 38,000 kwa mwezi. Na katika hiyo miaka 13 alikuwa akipokea mshahara.

Milioni moja na nusu ni pesa nyingi ukiisikia kwa sikio. Mjini Voi inajenga vyumba vichache vya kupangisha, kama hakuna anayeumwa. Mgonjwa wa kiharusi ana dawa, ana nauli, ana mtu wa kumwinua asubuhi.

Kwa walio na umri mdogo mambo ni tofauti. Tangu tarehe 1 Januari 2021, watumishi wa serikali kuu, walimu wakiwemo, waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa katika mfumo mpya wa kuchangia, ambapo mfanyakazi sasa hukatwa asilimia 7.5 na serikali huweka asilimia 15. Huyu akiugua akiwa na miaka 35, akaunti yake bado ni changa. Asikimbilie fomu kabla ya kuuliza ofisi yake ya wafanyakazi, kwa maandishi, akaunti ina kiasi gani, miaka yake ya kabla ya 2021 itahesabiwa vipi, na bima inayoambatana na mfumo huo inamlipa nini kwa ulemavu. Wa kaunti wana mifuko yao, na huko kuna ugonjwa mwingine: kaunti nyingi nchini zimekuwa zikikata mishahara bila kupeleka michango kwa wakati. Omba taarifa ya akaunti ungali mzima.

Swali la tatu, ambalo husahauliwa kabisa, ni umeumia wapi. Aliyeumia akiwa kazini analindwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007. Ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mshahara wa miezi 96, na dai halitakiwi kupita miezi 12. Na sisi tunaopakana na Tsavo tuna letu. Mtu aliyejeruhiwa na ndovu akabaki na ulemavu wa kudumu anastahili shilingi milioni 3 chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, awe mkulima au mwalimu anayewahi kengele. Fidia hiyo hucheleweshwa mpaka mtu anakata tamaa, hilo kila boma huku linalijua, lakini aliyekosa kujaza fomu hana hata cha kudai.

Sisemi watu wasistaafu. Yuko ambaye mwili umekataa kabisa, na kumlazimisha kushika chaki ni ukatili. Hasira yangu ni kwa wakubwa wa kazi wanaomsukuma mgonjwa aandike barua "kwa hiari" ili nafasi ijazwe. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inasema mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa sababu ya hali ya mwili lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize, akiwa pamoja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama chake. Barua ya hiari inamwondolea mwajiri mzigo huo wote. Ndiyo maana wanaipenda.

Usajili wa ulemavu nao una faida ya mapema: ukishapata cheti cha msamaha wa kodi, shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi hazitozwi kodi. Lakini usingoje hadi umebakiza miezi michache kufika 60, kwa sababu hapo kila mtu atakuona unatafuta njia ya kuongeza miaka.

Shida ni safari. Mtu asiyeweza kuketi wima abebwe kwa gari la kukodi kwenye barabara ya vumbi hadi hospitali kubwa kupimwa, arudi, aitwe tena kwa sababu muhuri mmoja umekosekana. Faili lake la pensheni baadaye litakwenda Nairobi, Bima House, ambako hana mtu. Wawakilishi wetu wa wadi hujadili chuma cha Kishushe kila mwaka. Wangeweza pia kuitaka idara ya afya ya kaunti ilete timu ya kupima ulemavu huku vijijini, hata mara 2 kwa mwaka, na tarehe zitangazwe makanisani na msikitini mwezi mmoja kabla.