Dawa Iliyomo Mishipani Mwetu

Ni jambo lisilopingika kwamba dawa yaweza kumgeukia mgonjwa iliyekusudiwa kumponya. Heparini ni mfano mmojawapo. Dawa hii huzuia damu kuganda, nayo huhitajika katika hospitali yoyote kubwa, zikiwemo za Meru na Embu: kwa wanaosafishwa damu kwa mashine, kwa akina mama wenye donge la damu mguuni, na kwa waliofanyiwa upasuaji mkubwa.

Hata hivyo, kwa wagonjwa wachache, aghalabu kati ya siku ya 5 na ya 10, mwili huunda kingamwili zinazozichochea chembe sahani, yaani zile zinazogandisha damu jerahani. Chembe hizo hushikamana ovyo na idadi yake kushuka, mara nyingi kwa nusu au zaidi. La ajabu ni kwamba kwa kawaida mgonjwa huyu havuji damu. Damu yake huganda pasipotakiwa, naye aweza kupoteza mguu au uhai. Anayemwongezea heparini anamwagia moto mafuta.

Tiba ya kwanza ni kuisimamisha heparini mara moja na kutoa dawa nyingine ya kuzuia mgando. Hali ikikaidi, madaktari hutia imunoglobulini mshipani, kwa kawaida gramu 1 kwa kila kilo ya uzito, kwa siku 2. Kingamwili hizi za watu wenye afya huziba milango ambayo zile potovu hupitia kuzichochea chembe sahani. Mwaka 2021 tiba hiyo ilitumika ng'ambo kwa watu wachache waliopatwa na mgando wa aina hii baada ya chanjo ya AstraZeneca, ambayo Kenya nayo ilianza kuitoa Machi mwaka huo.

Swali langu ni hili: imunoglobulini hutoka wapi? Hutoka katika plazma, yaani majimaji ya damu, ya maelfu ya wachangiaji. Mgonjwa wa kilo 60 huhitaji gramu 120, sawa na chupa 24 za gramu 5. Mji wa Embu una kituo cha kanda cha damu, na wanafunzi wa sekondari ndio nguzo ya uchangiaji nchini. Shule zikifungwa, akiba hupungua. Lakini Kenya haina kiwanda cha kutenganisha plazma. Afrika Kusini inacho, karibu na Durban. Sisi hununua ng'ambo dawa ambayo malighafi yake imo mishipani mwetu, kama tulivyozoea kuuza kahawa mbichi na kununua ya mkebe.

Wapo watakaosema kwamba kiwanda ni ghali na huhitaji plazma nyingi mno. Ni kweli. Ndiyo maana nchi za Afrika Mashariki hazina budi kushirikiana, kwani haba na haba hujaza kibaba.

Kabla ya siku hiyo, tunayo silaha isiyo ghali: kuhesabu. Chembe sahani zihesabiwe kabla ya heparini kuanza, kisha kila baada ya siku 2 au 3 kwa walio hatarini. Nanyi walimu wa biolojia, wafundisheni vijana safari nzima ya damu wanayoitoa. Anayejua thamani ya damu yake ndiye atakayeidai serikali isiiache ipotee bure.