Kuta za Moyo Zitazamwe Hapa Hapa Bondeni

Mintarafu ya maradhi ya moyo katika bonde la Kilombero, nasema ya kuwa kipimo cha eko, yaani kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, kisihesabiwe tena kuwa anasa ya Dar es Salaam, bali kiwe haki ya kila mzazi wa kijiji cha Michenga ambaye, wiki chache baada ya kujifungua, miguu humvimba, ndoo moja ya maji humwacha akihema, na usiku hawezi kulala ila ameketi akiegemea mito. Mwanamke huyo aghalabu huambiwa ana pumu, au upungufu wa damu, na majirani hunong'ona ya kuwa amerogwa, ilhali yamkini ni misuli ya moyo wake iliyolegea, maradhi yanayozuka mwishoni mwa mimba au katika miezi 5 baada ya uzazi, na ambayo wengi huyapona yakigunduliwa mapema.

Eksirei huonyesha ya kuwa moyo umetanuka, walakini haisemi ukuta upi unafanya kazi na upi umechoka. Eko ndiyo isemayo. Mpimaji hupitisha kichwa cha mashine, kilichopakwa jeli, baina ya mbavu za kushoto, akatazama katika kioo jinsi kuta za chumba cha chini cha kushoto zinavyonenepa na kuingia ndani kila moyo unapojibana; huzipitia sehemu 17, moja baada ya moja, akiandika 1 kwa iendayo sawasawa, 2 kwa iliyolegea, 3 kwa isiyosogea, na 4 kwa inayobenuka nje wakati wenziwe wakiingia ndani. Ikilala sehemu moja, dhana huelekea mshipa ulioziba; zikinyong'onyea kuta zote na chumba kikatanuka, dhana huelekea misuli yenyewe. Na maji yakiuzunguka moyo, kama itokeavyo katika kifua kikuu, nayo huonekana papo hapo, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Mwaka 1948 huko Kampala, mwanapatholojia Davies alieleza makovu yanayojaza ndani ya moyo, na ushahidi wake ulitoka kwa maiti. Miaka 5 baadaye, mjini Lund, daktari Edler na mwanafizikia Hertz waliazima chombo cha kutafutia nyufa katika vyuma, wakauona moyo wa mtu aliye hai ukicheza. Tangu hapo hatuna udhuru wa kungoja kaburi litufundishe.

Uchunguzi wa hospitali ya Muhimbili uliochapishwa 2014 ulikuta ya kuwa, katika kila wagonjwa 100 ambao moyo wao umeshindwa kufanya kazi, takriban 28 walikuwa na maradhi ya misuli ya moyo, ya pili baada ya shinikizo la damu. Madaktari wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huzunguka mikoani kwa tiba mkoba, nami nawashukuru kwa dhati. Lakini mgeni huondoka, na Dar iko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Ifakara, yenye maabara ya utafiti tangu miaka ya 1950 na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, inaweza kuwafundisha wauguzi na maofisa tabibu wa vituo vya afya. Mashine za kutazamia mimba zinazonunuliwa zije na kichwa cha moyo, chembamba cha kupita baina ya mbavu.

Na kila mzazi aliyeanzishiwa dawa aandikiwe siku ya kurudi, kwani kuta zilizolegea huweza kurejewa na nguvu katika miezi 6 au zaidi, na hilo halijulikani ila kwa kuzitazama mara ya pili, kabla hajashika mimba nyingine.