Sherehe si Ngoma na Pilau Pekee

Ndugu msomaji, hebu fungua kurasa za mwisho za vitabu vyetu vya fasihi. Kimoja kimeandika "Sherehe", kingine "Faharasa", cha tatu "Msamiati". Wanafunzi wapya wakiona "Sherehe" hucheka, wakidhani mwandishi anafunga kitabu kwa ngoma na pilau. Kwani nani kaalikwa?

Mimi nashikilia kwamba jina ni Sherehe, na sababu ninazo. Neno hili limetoka kwa Kiarabu, sharh, yaani ufafanuzi, na mzizi wake una maana ya kufungua na kupanua. Anayeandika sherehe hufungua neno lililofungwa. Faharasa ni jambo jingine kabisa. Hiyo ilitoka Uajemi ikapitia Kiarabu, na asili yake ni orodha tu: Ibn al-Nadim wa Baghdad aliita orodha yake ya vitabu Al-Fihrist, mwaka wa 987. Faharasa hukuonyesha kitu kiko ukurasa gani. Sherehe hukwambia kitu chenyewe ni nini. Mwenye kuzichanganya ni kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda Dunga akajibu bei ya samaki.

Na kamusi je? Hapa ndipo panaponifurahisha, sisi watu wa majini. Al-Firuzabadi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 15, aliita kamusi yake ya Kiarabu Al-Qamus al-Muhit, yaani bahari kuu izungukayo. Kitabu kikavuma, hata kila kitabu cha aina hiyo kikaitwa qamus. Kumbe ukishika kamusi, umeshika bahari! Waingereza nao neno lao la sherehe limetoka kwa glossa ya Kigiriki, ulimi. Sisi Waluo tunasema Dholuo, na dho ni kinywa. Watu wa mbali, fikira moja.

Sasa, bahari hiyo ni ya nani? Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na kamusi yake ikachapishwa London mwaka wa 1882, yeye akiwa ameshakufa mwaka uliotangulia. Steere alikusanya yake Unguja. Kamusi ya Johnson ya mwaka wa 1939 ilifuata Kiswahili cha huko huko Unguja. Sina kinyongo nao, kazi yao ni kubwa. Lakini walisimama kwenye maji ya chumvi, bwana, na sisi huku tuko maji baridi.

Ndiyo maana ukiandika "omena" kwenye insha, wino mwekundu unakuja mbio: "dagaa!" Ngoja kwanza. Dagaa wa baharini, dagaa wa Kigoma na omena wetu ni samaki tofauti, na omena si wa ukoo mmoja na hao wengine. Omena ni neno lenye shabaha kuliko dagaa, mbona likatwe? Mbuta naye, Mwanza ni sangara, Uganda ni mputa. Tukimfuta mbuta, tutasema anayeuzwa Kisumu ni nani?

Mtaniambia mtahini wa Lamu hamjui mbuta. Sawa. Mimi nami tezi na omo nilizijua kwa sherehe ya kitabu, si kwa kupanda jahazi. Nilisoma, nikaelewa, nikaendelea. Naye asome.

Kwa hivyo naomba gazeti letu la mwaka ujao litenge kurasa mbili za sherehe ya ziwa. Kila neno liwe na maana yake, mahali linapotumika, na jina lake ng'ambo ya pili. Wanaokaa karibu na Dunga wawaulize wavuvi. Wa Mbita na Homa Bay waulize nyumbani wakati wa likizo. Mwalimu wa biolojia atusaidie kutenganisha ngege wa asili na yule aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, kwa sababu sokoni wote wanaitwa ngege tu. Daftari ninalo tayari, lina maneno 19. Mwenye neno aniletee kabla ya mitihani kuanza.