Ugonjwa unaojificha ndani ya bandama



Juma hili tunajibu ulizo la mama mmoja wa kikundi cha ufugaji: ikiwa wazimu wa ng'ombe ni ugonjwa wa bongo, na mtu hajala bongo la ng'ombe, unamwingiaje?

Mlango wake ni tumbo. Kinacholeta ugonjwa huo kinaitwa prioni. Si mikrobe, ni protini. Mwilini mwetu tuna protini kama hiyo, nzima, isiyo na ubaya. Ile iliyokunjika vibaya ikigusa nzima, inaigeuza iwe kama yenyewe. Mnajua jinsi kijiko kimoja cha maziwa ya kuganda kinavyogandisha kibuyu kizima. Tofauti ni kwamba maziwa yanagandishwa na vijidudu hai, lakini prioni haina uhai. Kwa hiyo moto wa jikoni hauiui.

Prioni ikiliwa, inapita ukuta wa utumbo na kufika kwenye tezi ndogo ambazo ni walinzi wa mwili. Humo kuna seli zinazoshika vitu vigeni kwa muda mrefu ili mwili uvitambue. Prioni inashikwa hapo, na hapo hapo inaanza kuongezeka. Mwili haushtuki, hakuna homa, kwa kuwa protini hiyo inafanana na yetu. Inaenea mpaka bandama, tezi za koo na apendisi. Kisha inafuata mishipa ya fahamu toka tumboni, inapanda uti wa mgongo, inafika bongo. Safari hiyo inachukua miaka mingi, na mtu anaonekana mzima.

Uingereza iliona hayo. Mwaka 1986 ng'ombe walitambuliwa na ugonjwa huo. Walikuwa wamelishwa unga wa nyama na mifupa. Chakula hicho kilikatazwa mwaka 1988. Mwaka 1989 serikali ilikataza pia watu kula bongo, uti wa mgongo, bandama, tezi za koo na matumbo ya ng'ombe waliopita miezi 6. Lakini wengine walikwisha kula. Mwaka 1996 ilitangazwa kwamba watu wameugua, wengi wao vijana. Waliokufa huko ni 178. Baadaye wachunguzi walipima apendisi zaidi ya 32,000, zilizotolewa kwa sababu nyingine kabisa, wakakuta prioni ndani ya 16. Na watu watatu waliugua baada ya kupewa damu ya watu walioonekana wazima.

Huko Papua New Guinea, Wafore walikuwa na ugonjwa wa namna hiyo, kuru. Walikuwa wakila maiti za ndugu zao kwenye matanga, na waliokufa zaidi ni wanawake na watoto. Jamaa walitafuta mchawi. Desturi ilipokoma katika miaka ya 1950, watoto waliozaliwa baadaye hawakuugua. Lakini waliokwisha kula, wengine waliugua hata baada ya miaka 50.

Basi nyumbani tushike haya:

Tusile wala kuuza nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe, au aliyekuwa akiyumba na kuanguka. Tumwite muganga wa mifugo.

Tusiwalishe ng'ombe na mbuzi unga wa nyama au mifupa.

Tuendelee kupika nyama mpaka iive, kwa maana mikrobe nyingine nyingi zinakufa kwa moto.

Mgonjwa wa namna hii haambukizi kwa kushikwa mkono, kuogeshwa wala kula naye sahani moja. Tusimtenge.

Tena kuna wanaougua prioni bila kula kitu chochote kibaya. Inazuka yenyewe, hasa kwa wazee. Kwa hiyo mama mzee akianza kutetemeka, kusahau na kuyumba, tumpeleke hospitali. Tusitafute jirani wa kumshitaki uchawi, na yeye mwenyewe asiitwe mchawi. Katika mitaa yetu, neno hilo limekwisha kuua wamama ambao hawakuwa na kosa lolote.