Fundi, Ukipata Onyo Mpigie Mtu
Na Bakari Shomari

Wakubwa wa ofisi zetu wana hukumu iliyokwisha andikwa. Mtandao ukizimika usiku, na asubuhi ikabainika kwamba ujumbe wa onyo ulifika kwenye simu ya fundi wa zamu, kosa ni la fundi. Alilala. Akatwe mshahara. Mimi naipinga hukumu hiyo, na shahidi wangu yuko mbali kidogo.

Tarehe 14 Agosti 2003, katika chumba cha kuongozea gridi ya kampuni ya FirstEnergy, jimbo la Ohio, Marekani, programu ya kengele iliganda baada ya saa 8:14 mchana. Haikutoa hata dalili kwamba imeganda. Saa 8:41 seva yake ikaanguka, na ile ya akiba ikafuata dakika 13 baadaye. Hapo mitambo ikatimiza wajibu: ikatuma onyo kwenye peja za mafundi wa kompyuta. Nao hawakulala! Waliishughulikia seva, wakaiwasha upya, na kufikia saa 9:08 alasiri ilikuwa inafanya kazi tena. Kwao kazi imekwisha.

Ila hakuna aliyewauliza waongoza gridi, "Kengele zenu zinalia?" Hazikuwa zinalia. Waongoza gridi waliona kimya wakadhani ni usalama, huku nyaya za kilovolti 345 zikigusa miti na kujikata moja baada ya nyingine. Hata simu kutoka kwa majirani wa kampuni nyingine hazikuwashtua vya kutosha. Zaidi ya saa nzima ilipita kabla hawajang'amua kwamba kengele zao zimekufa. Ilipofika saa 10:13, watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikuwa hawana umeme.

Onyo lilitumwa, likapokewa, likafanyiwa kazi. Kilichokosekana ni simu moja kwa wahusika waliokuwa wakiitegemea seva ile.

Huku kwetu mambo ni yale yale kwa kipimo kidogo. Vihisi vimejaa: joto la chumba cha seva, betri ya UPS, mafuta ya jenereta mnarani, swichi ya ghorofa ya tatu. Vyote vinatuma ujumbe kwa kundi moja la WhatsApp lenye watu ishirini, na kila mmoja anadhani mwenzake ameshaona. Laini ikikatika sekunde kumi ikarudi, ujumbe. Fundi akishazoea kuamshwa bure, ataacha kuamka, na simlaumu. Mtambo upime mara ya pili na ya tatu kabla ya kumtoa mtu kitandani. Ukimtoa, uwe umemtaja kwa jina, yeye na si kundi.

Halafu kuna ofisi ambazo kompyuta ya uangalizi imechomekwa umeme ule ule wa vifaa inavyovilinda. Umeme ukikatika, mlinzi na mali vinazima pamoja, na hakuna ujumbe utakaotoka. Hilo si la fundi kabisa. Ni la aliyepitisha bajeti.

Basi wakuu wa idara, kabla ya kununua vihisi vingine, kaeni na fundi wa zamu ya usiku mumuulize: mara ya mwisho ulipopata onyo, ulimpigia nani, na alipokea?